Sultani Tipu wa Mysore na Raia Zake Wasiokuwa Waislamu

Katika majumba mengi ya Waislamu, tangu Bara Hindi mpaka pwani yetu hii, jina la Sultani Tipu hutajwa kwa fakhari. Watoto huambiwa kwamba alikuwa simba wa Mysore, aliyepigana na Waingereza mpaka akafa na upanga mkononi, na aghalabu khabari huishia hapo. Sisi leo twapenda kuwapa wasomaji wetu, na khasa vijana, upande mwingine wa maisha yake, nao ni jinsi alivyoishi na raia zake, ambao wengi wao hawakuwa Waislamu.

Upande huu ndio unaogombaniwa mno. Wako wamsifuo kuwa alikuwa baba wa watu wa dini zote, na wako wamtajao kuwa dhalimu aliyesilimisha watu kwa nguvu. Huko kwao, katika jimbo la Karnataka, serikali ilianza mwaka 2015 kuadhimisha rasmi siku ya kuzaliwa kwake, pakatokea ghasia na watu wakafa. Na mwaka 2019 serikali nyingine iliyoingia ikaifuta sherehe ile. Basi si jambo la kusoma kwa kujifurahisha tu. Kijana wa Kiislamu akiulizwa shuleni au kazini khabari za mfalme huyu, yafaa awe na la kujibu, na jibu lenyewe liwe la kweli.

Tipu alizaliwa kiasi cha mwaka 1750 katika mji wa Devanahalli, kaskazini ya Bangalore. Jina lake walimpa kwa kutabaruku, kwa ajili ya walii mmoja aliyezikwa Arcot, aitwaye Tipu Mastan. Mamaye alikuwa Fatima Fakhr-un-Nisa, binti wa liwali wa ngome ya Kadapa. Babaye, Haidar Ali, alikuwa askari asiyejua kusoma wala kuandika, ila alikuwa na akili nyingi na ukumbusho wa ajabu. Alianza chini katika jeshi la Mysore, akapanda daraja baada ya daraja, hata mwaka 1761 mamlaka yote ya nchi ile yakawa mikononi mwake. Walakini ufalme ule ulikuwa wa Wahindu wa ukoo wa Wodeyar, na Haidar hakuwaua wala hakuwafukuza. Alimwacha raja katika jumba lake, na kila mwaka katika sikukuu yao ya Dasara raja alitolewa akaketishwa kwenye kiti chake, raia wakamwona. Nguvu zilikuwa kwa Haidar. Heshima ya jina ilibaki kwa wenyewe.

Kwa kuwa yeye mwenyewe hakusoma, Haidar alitaka mwanawe asome. Tipu alifundishwa Kurani, na lugha ya Kiajemi iliyokuwa lugha ya makarani na wafalme wa Bara Hindi, na Kiurdu, na Kikannada ambacho ndicho lugha ya watu wa nchi. Jambo hili la mwisho wengi hulipita, nasi twaliona kubwa. Mfalme ajuaye lugha ya mkulima wake hahitaji mkalimani wa kumwambia mkulima yule analia nini. Na pamoja na vitabu alifundishwa farasi na upanga, na alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano babaye alimchukua vitani Malabar.

Vita vyake na Waingereza hatutavieleza kwa urefu, kwani vimeandikwa sana. Ila tutataja siku ya tarehe 10 Septemba 1780, mahali paitwapo Pollilur, ambapo Tipu na babaye walilivunja jeshi zima la Kanali Baillie. Watu wa Mysore walikuwa na roketi za bomba la chuma zilizofungwa kwenye mianzi mirefu, na magari ya baruti ya Waingereza yakapasuka katikati ya jeshi lao. Waliosalia wakachukuliwa mateka mpaka mji mkuu wa Srirangapatna, ulioko juu ya kisiwa cha mto Kaveri. Katika mateka wale alikuwamo ofisa mmoja kijana, David Baird. Msomaji alishike jina hilo.

Haidar alifariki tarehe 7 Disemba 1782, akiwa kambini, kwa ugonjwa wa uvimbe mgongoni. Tipu alikuwa mbali, upande wa Malabar. Ni nani asiyejua yatokeayo mfalme anapokufa na mrithi hayupo? Hazina huporwa, majemadari hugawana askari, na kila mwenye tamaa hujitangaza. Hapa halikutokea hilo. Mawaziri walificha mauti yale, maiti ikatiwa sandukuni na kupelekwa kama kwamba ni mzigo wa mali, amri zikawa zinatoka vile vile kwa jina la Haidar, mpaka Tipu akafika akakabidhiwa jeshi kamili na hazina kamili. Na waliokuwa mbele katika kuitunza siri ile ni Purnaiya na Krishna Rao, wote wawili Mabrahmani, watu wa daraja ya juu kabisa katika dini ya Kihindu. Ufalme wa Muislamu ulifikishwa kwa mwanawe na mikono ya Mabrahmani, na Tipu hakulisahau. Purnaiya alikuwa waziri wake mpaka siku ya mwisho. Krishna Rao alishika hazina. Mkuu wa posta na upelelezi alikuwa Shamaiya, naye vile vile Brahmani. Wajumbe waliotumwa kwa Wamaratha kusema kwa niaba ya sultani walikuwa Wahindu. Hizi si kazi za kupewa mtu usiyemwamini. Mwenye funguo za hazina na mwenye kusoma barua za nchi nzima ndio wawezao kumwangusha mfalme usiku mmoja.

Ndani ya ngome ya Srirangapatna, hatua chache kutoka jumba la sultani, lilikuwapo hekalu kubwa la Ranganatha, ambalo hata mji wenyewe umepata jina kwalo. Kengele zake zilisikika jumbani. Tipu alijenga msikiti wake mzuri wenye minara miwili katika mji ule ule, na hekalu likabaki, na ibada yake ikaendelea. Humo hekaluni mna vyombo vya fedha alivyovitoa yeye. Katika mahekalu ya Melkote na Nanjangud pia huonyeshwa vitu vinavyotajwa kuwa ni hidaya zake.

Sasa tufike kwenye khabari ambayo kwetu sisi ndiyo kiini cha maneno haya.

Mwaka 1791 Tipu alikuwa katika dhiki kubwa. Mwisho wa mwaka 1789 alikuwa ameshambulia ngome za mpakani za Travancore, nchi iliyokuwa na ahadi na Waingereza, na kwa hilo wakamwinukia watu watatu pamoja: Waingereza chini ya Lord Cornwallis, Wamaratha ambao ni Wahindu, na Nizam wa Hyderabad ambaye ni Muislamu. Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Mfalme wa Kiislamu alikuwa upande wa Waingereza, akisaidiana na wafalme wa Kihindu, kumpiga mfalme wa Kiislamu mwenye waziri wa Kihindu. Mwenye kutaka kuvigeuza vita vile kuwa vita vya dini kwa dini atapata taabu kubwa kuwapanga watu katika safu zao.

Mwezi wa Machi Cornwallis akaiteka Bangalore. Siku hizo hizo kikosi cha Wamaratha kilipita upande wa magharibi, mpaka Sringeri. Mahali hapo pana nyumba ya watawa wa Kihindu iliyo mashuhuri mno, ambayo husemwa ilianzishwa na mwanachuoni wao Shankara zaidi ya miaka elfu nyuma. Mkuu wake huitwa Jagadguru, maana yake mwalimu wa ulimwengu. Wamaratha, Wahindu wenzao, waliingia wakapora mali yote, wakaua watu, na sanamu ya Sharada iliyokuwa ikiabudiwa humo wakaiondoa mahali pake. Mkuu wa wakati ule, Sachchidananda Bharati wa tatu, alikimbia kuokoa roho yake.

Mzee huyu alimwandikia nani? Hakumwandikia raja yeyote wa Kihindu. Alimwandikia Tipu.

Na Tipu, adui wakiwa wamekwisha kula nusu ya nchi yake, na kila sarafu akiihitaji kwa askari na baruti, alijibu. Alimwita mzee yule kwa jina lake la heshima, Jagadguru. Akaonyesha uchungu wake kwa yaliyotendeka, akasema kwamba watu waliofanya maovu kama yale mahali patakatifu hawatakawia kuyaona malipo yake. Kisha akampelekea amri liwali wake wa Bednur atoe rahati 200 taslimu, ambayo ni sarafu ya nchi ile, na nafaka ya thamani ya rahati 200 nyingine, ili sanamu irudishwe mahali pake na masikini wa Kibrahmani walishwe. Barua hazikuishia hapo. Zilikwenda na kurudi kwa miaka, na pamoja nazo zikaenda nguo, na machela ya fedha, na migwisho ya fedha. Tipu akamwomba mzee yule afanye ibada zao na kuiombea nchi ishinde maadui zake.

Barua hizi kwa muda mrefu hazikujulikana nje ya Sringeri. Zilikuwa zimelala katika makaratasi ya nyumba ile mpaka mwaka 1916, alipozitoa R. Narasimhachar, mkuu wa idara ya mambo ya kale ya Mysore, ambaye yeye mwenyewe ni Mhindu. Ni karibu ya barua thelathini, kwa Kikannada. Twalitaja hili kwa sababu ushahidi uliotunzwa na watawa wa Kihindu, ukatolewa na mwanachuoni wa Kihindu, ni vigumu kusemwa kwamba umetungwa na Waislamu kumpamba mtu wao.

Wapo waandishi wasemao kwamba Tipu aliyafanya haya kwa hofu tu, kwa kuwa alikuwa anashindwa, akataka kuwavuta Wahindu upande wake. Hatukatai kwamba mfalme aliye vitani huangalia faida yake. Walakini katika makaratasi yale yale ya Sringeri zimo barua za babaye Haidar, aliyewaandikia watawa hao kwa heshima zamani, alipokuwa na nguvu zake. Uhusiano ule Tipu aliurithi. Na Purnaiya hakuanza kazi siku ya kushindwa.

Wapo pia, na hawa ni katika sisi wenyewe, waulizao: imekuwaje Muislamu atoe mali isimamishiwe sanamu? Hili ni suala la fikihi, na wenye elimu kuliko sisi ndio wa kulihukumu. Tuwezalo kusema ni kwamba mali iliyoporwa ilikuwa mali ya raia wa Tipu, waliouawa walikuwa raia wa Tipu, na mporaji alikuwa adui wa nje. Kuwahifadhi watu wa dini nyingine pamoja na nyumba zao za ibada ni jambo lijulikanalo katika tarekhe ya Kiislamu tangu ahadi aliyowapa Sayyidna Umar watu wa Baitul Muqaddas. Ama kumwomba Jagadguru amwombee, kila msomaji ana rai yake.

Lakini tungaliishia hapa tungalikuwa tumewapa wasomaji wetu nusu ya khabari, na nusu hiyo ndiyo tamu. Iko nyingine chungu.

Katika vita vya mbele ya hivi, mwaka 1783, Waingereza waliuteka mji wa Mangalore. Wakristo wa Kikatoliki wa pwani ile walishitakiwa kwamba waliwasaidia Waingereza kwa mali na kwa chakula. Tipu alipoupata tena mji na kufanya mapatano ya amani mwaka 1784, aliamuru Wakristo wale wakamatwe, makanisa yao yakavunjwa, wakasukumwa kwa miguu kupanda milima mpaka Srirangapatna, wanaume kwa wanawake na watoto. Wengi walikufa njiani na katika kifungo, na wanaume wengi wakatahiriwa kwa nguvu wakahesabiwa Waislamu. Waliobaki hawakurudi kwao mpaka mwaka 1799. Watu wa milima ya Coorg, walioasi mara kwa mara, nao walichukuliwa kwa maelfu wakafanyiwa kama hayo. Na Manairi wa Malabar waliona mambo kama haya katika miaka ya 1788 na 1789.

Hesabu zao hazipatani. Kwa Wakristo wako wasemao 30,000, na wako wasemao 60,000 na zaidi. Kwa watu wa Coorg, Kirmani, mwandishi wa Kiislamu aliyempenda Tipu na kumsifu, aliandika 80,000. Hapa pana jambo la kuzingatia. Waingereza walitaka hesabu iwe kubwa ili waonekane kwamba wamewakomboa watu kwa dhalimu. Waandishi wa upande wa sultani nao waliitaka iwe kubwa, kwani waliona ni sifa. Basi maadui na wasifu walivuta kamba upande mmoja, na mwenye kusoma leo ana haki ya kuipunguza hesabu. Ila kuipunguza si kuifuta. Mambo yalitokea.

Wamtetezi wake husema: hawa waliadhibiwa kwa uasi, si kwa dini. Na ni kweli kwamba Wakristo na Wahindu wa mahali pengine katika nchi yake, ambao hawakuasi, hawakuguswa. Lakini adhabu ya uasi yajulikana. Mwenye kosa huhukumiwa kwa kosa lake, na mtoto mchanga hana kosa. Na ikiwa adhabu ni ya uasi, kwa nini iwe ni kutahiriwa? Dini yetu haina ruhusa ya kumwingiza mtu kwa kulazimishwa, na Kurani yenyewe imelikata neno hilo wazi. Shahada itokayo chini ya fimbo ni shahada gani? Sisi hatuoni udhuru kwa hili, wala hatudhani kwamba kumpenda shujaa kwatulazimisha tuutafute. Sultani huyu aliyemwandikia Jagadguru kwa adabu ndiye huyo huyo aliyewaswaga Wakristo wa Mangalore kama kondoo. Aliyemtii alipata kwake ulinzi, dini yake iwayo yote; aliyemdhania uasi aliadhibiwa mpaka ndani ya dini yake. Hivyo ndivyo tumwonavyo, baada ya kupima ya huku na ya huko.

Turudi kwenye mambo ya utawala, ambayo alikuwa na bidii nayo kupita kiasi. Alipiga marufuku ulevi katika nchi yake. Alitoa sarafu mpya na kuzipa majina ya Kiislamu: Ahmadi, Siddiki, Faruki, Haidari, Imami. Alitunga hata kalenda mpya. Tarehe zake alizihesabu kwa Mtume, lakini miezi na miaka akaifanya iende sambamba na kalenda ya Kihindu waliyoizoea wakulima, kwani majira ya kupanda na ya kulipa kodi hayafuati mwandamo wa mwezi. Alitaka kuuzuia mto Kaveri kwa boma ili watu wapate maji ya kumwagilia mashamba, na jiwe lenye maandishi yake ya Kiajemi juu ya jambo hilo lipo hadi leo penye bwawa la Krishnaraja Sagara, lililojengwa katika karne ya ishirini.

Na hapa khabari yake inaifikia bahari yetu. Tipu alikuwa na nyumba ya biashara Maskati. Majahazi yake yalipeleka huko mchele, pilipili manga, iliki na sandali, na mawakala wake wakanunua waliyoagizwa. Aliandika barua nyingi juu ya viwavi wa hariri; alituma watu Bengal wakalete mbegu zao, akamwandikia na wakala wake wa Maskati atafute wengine upande wa Ghuba pamoja na mafundi wa kuwalea. Kazi ya hariri ya Mysore, iliyo mashuhuri mpaka sasa, inahesabiwa kuanzia kwake. Wajumbe aliowapeleka kwa Sultani wa Uturuki mwaka 1786 walipita Maskati na Basra. Walikwenda kwa mamia, na kwa tauni na kuzama kwa majahazi wakarudi wachache mno. Walirudi na barua nzuri, na khalati, na upanga. Msaada wa askari hawakuupata.

Vita vile vya mwaka 1791 vilimalizika vibaya. Kwa mkataba wa mwaka 1792 Tipu alitoa nusu ya nchi yake na fidia ya rupia milioni 33, na mpaka deni lilipwe akatoa wanawe wawili wadogo, Abdul Khaliq na Muizzuddin, wawekwe rehani kwa Waingereza. Wachoraji wa Kiingereza waliichora sana picha ya watoto wale wakikabidhiwa kwa Cornwallis. Walirudishwa kwa baba yao mwaka 1794, baada ya deni kulipwa.

Mwaka 1798 Wafaransa waliingia Misri na Bonaparte. Kutoka Cairo, mwezi wa Januari 1799, Bonaparte alimwandikia Tipu, akaandika na kwa mtawala wa Maskati, lakini barua zikaangukia mikononi mwa Waingereza. Mtawala wa Maskati wakati huo, Sayyid Sultan bin Ahmad, babaye yule Sayyid Said aliyekuja baadaye kukaa Unguja, alikuwa amekwisha kutia mkono mkataba na Waingereza mwezi wa Oktoba 1798, wa kuwafungia Wafaransa mlango. Hivyo mlango wa bahari ulifungwa nyuma ya mgongo wa Tipu, na Lord Wellesley akapata sababu aliyoitaka.

Mwezi wa Aprili 1799 majeshi ya Waingereza, pamoja na askari wa Nizam, yaliuzunguka mji wa Srirangapatna. Mizinga ikapiga ukuta mpaka ukafunguka pengo. Asubuhi ya tarehe 4 Mei, wanajimu wa Kihindu walimwambia sultani kwamba siku ile ni nzito kwake. Mwenye elimu atasema unajimu si kitu, nasi twasema hivyo hivyo. Ila tazameni alichofanya: aliwaita Mabrahmani akawapa sadaka, ndovu na vinginevyo na fedha, akawaomba dua zao. Hiyo ndiyo asubuhi yake ya mwisho.

Adhuhuri alikuwa akila chakula alipoletewa khabari kwamba jemadari wake Sayyid Ghaffar ameuawa kwa mzinga. Alinawa mikono, akachukua upanga na bunduki, akatoka. Saa saba za mchana Waingereza wakavuka mto na kuingia penye pengo, na aliyewaongoza alikuwa David Baird, yule mateka wa zamani, sasa ni jenerali. Inasimuliwa sana kwamba waziri Mir Sadiq, Muislamu, aliwaondoa askari penye pengo kwa kisingizio cha kuwagawia mishahara, na askari wa Mysore wenyewe wakamwua kwa khiana hiyo.

Tipu alipigana kwa miguu kama askari yeyote, akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka lango la ndani, naye amejeruhiwa mara kadha wa kadha. Mtumishi wake, Raja Khan, aliyepona na kuyasimulia haya, alimshauri ajitambulishe kwa Waingereza wamhifadhi. Alimwambia anyamaze. Askari mmoja wa Kiingereza akataka kumvua mshipi wake wa dhahabu asijue ni nani. Tipu, naye chini, akampiga kwa upanga, na askari akampiga risasi ya kichwa. Umri wake haukufika miaka hamsini. Usiku walimtafuta kwa mienge, wakamkuta chini ya rundo la maiti, mwili ungali na joto, mkononi amefunga hirizi.

Kesho yake alizikwa kwa heshima za kijeshi ubavuni mwa babaye, katika kuba aliyoijenga mwenyewe. Jioni ile ikapiga dhoruba ya radi iliyowaua watu katika kambi ya Waingereza. Vitabu vyake, kiasi cha 2,000, vikachukuliwa, vingine Calcutta na vingine London. Katika makaratasi yake kimo kijitabu alichoandika kwa mkono wake ndoto zake, thelathini na kadha, nacho kimehifadhiwa London.

Waingereza walimketisha juu ya kiti cha Mysore mtoto wa miaka mitano wa ukoo wa Wodeyar, na wa kumwendeshea nchi wakamweka Purnaiya, aliyeendelea na uwaziri mpaka mwaka 1811. Wanawe Tipu walihamishwa na mama zao mpaka ngome ya Vellore. Askari wa Kihindi walipoasi huko mwaka 1806, na bendera ya Mysore ikapandishwa ngomeni, wakahamishwa tena mbali zaidi, mpaka Calcutta. Mdogo wao, Ghulam Muhammad, alijenga huko msikiti mwaka 1842 katikati ya mji, akauita kwa jina la baba yake, na watu wanasali humo hadi leo.